Tusiwapumzishe Wazee Wetu Mpaka Wakashindwa Kuinuka



Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi mtoto mwema hujulikana kwa kutomwacha mzazi wake ahangaike. Mama akitaka maji ya kutawadha analetewa. Baba akitaka kutoka uani anashikwa mkono. Kinu, ufagio na mbuzi ya kukunia nazi vinaondolewa mbele ya bibi, naye anaambiwa: "Wewe kaa, umeshafanya kazi ya kutosha, sasa ni zamu yetu."

Nia ni njema, na wazazi wanastahiki kila wema. Hata hivyo, wema huu ukifanywa bila elimu unaweza kumfikisha mzee mahali ambapo hakuna mtoto anayependa kumwona. Atakuwa kitandani, hawezi kuinuka, na ukiuliza ni ugonjwa gani uliomlaza hupati jina lake. Utaambiwa tu, "ni uzee".

Leo tutaeleza kwa nini misuli ya mzee hupoteza nguvu, ni kitu gani hutokea ndani yake, na familia ifanye nini nyumbani. Kwanza tuwatazame wenzetu wa Kiongoroni, kwani maisha yao yanaonesha vizuri thamani ya miguu.

Miguu ya mtu wa delta

Kiongoroni iko katika delta ya mto Rufiji, wilayani Kibiti, mkoa wa Pwani. Huko mto umegawanyika mikono mingi, na kati ya mkono na mkono kuna mikoko na mashamba ya mpunga. Safari za watu ni za mtumbwi, mashua na boti. Mtu akitaka kufika bara, aende Nyamisati na kuendelea mpaka Kibiti, lazima kwanza apande chombo.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, kupanda chombo kunataka nini. Maji yakiwa yamekupwa inabidi ukanyage matope, uchomoe mguu, ukanyage tena. Kisha unyanyue mguu juu ya ubavu wa mtumbwi, ujivute ndani, na ujizuie usianguke wakati chombo kinayumba. Kijana hafikirii hata kidogo kuwa hiyo ni kazi. Lakini mzee ambaye mapaja yake hayana nguvu, safari yake imekwishia ukingoni. Hospitali ya bara imekuwa mbali naye, maziko ya ndugu yake hafiki, na harusi ya mjukuu anaisikia kwenye simu.

Delta hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwapa wazee nguvu. Kupiga kasia, kusukuma upondo, kuvuta nyavu, kupandikiza mpunga, kutwanga na kuteka maji ni kazi za kila siku za mapaja, mgongo na mikono. Mtu aliyezifanya miaka 40 au 50, siku anapoambiwa "kaa kitako, mzee", anapoteza kazi zote hizo kwa mara moja. Mwili wake huona tofauti hiyo haraka kuliko tunavyodhani.

Majiko madogo ndani ya misuli

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa seli. Ndani ya seli za misuli mna vitu vidogo zaidi viitwavyo mitokondria. Jina hili lilitolewa na mwanasayansi wa Kijerumani, Carl Benda, mwaka 1898, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya uzi na punje, kwa kuwa ndivyo alivyoviona chini ya hadubini.

Tunaweza kuziita mitokondria majiko ya mwili. Chakula tulacho, hasa sukari na mafuta, kikishasagwa tumboni na kuingia katika damu, hufikishwa kwenye majiko haya. Hewa ya oksijeni tunayovuta nayo hufika hapo hapo. Vikikutana, hutoka nishati ambayo seli huihifadhi katika kemikali iitwayo ATP. Msuli wowote ukitaka kujikunja, hutumia ATP. Namna majiko haya yanavyofanya kazi ilichukua miaka mingi kueleweka, na Mwingereza Peter Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1978 kwa kueleza sehemu yake kubwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba akiba ya ATP iliyomo katika msuli ni ya sekunde chache tu. Haiwekwi ghalani kama mpunga, ukaichota unapoitaka. Lazima itengenezwe muda wote. Kwa hiyo mtu mwenye majiko machache, au yenye hitilafu, ataanza kutembea vizuri, lakini baada ya hatua kadhaa miguu inakuwa mizito, pumzi inabana, naye anatafuta mahali pa kukaa.

Umri unapokwenda, mitokondria hupungua, na zile zilizochakaa haziondolewi upesi kama zamani. Aidha, mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli hupungua, na nyuzi za misuli zinazohusika na mambo ya ghafla, kama kujizuia usianguke, husinyaa. Wataalamu wanakadiria kuwa baada ya miaka 30 mtu hupoteza baina ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka 10, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Hali hii ikizidi inaitwa sakopenia, jina lililotolewa na Mmarekani Irwin Rosenberg mwaka 1989.

Qur'an Tukufu, katika Surat Ar-Rum aya ya 54, imeitaja safari hii: mwanadamu hutoka katika udhaifu akapewa nguvu, kisha hurudishwa katika udhaifu na mvi. Hakuna anayeweza kuizuia. Ila kuna udhaifu unaoletwa na umri, na kuna udhaifu tunaouongeza sisi wenyewe. Huu wa pili ndio tunaouzungumzia leo.

Uzee au kukaa?

Mwaka 2007 wataalamu nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti juu ya watu 11 wenye afya njema, wenye wastani wa miaka 67. Hawakuwa na homa wala kidonda. Waliombwa tu walale kitandani siku 10. Zilipokwisha, kila mmoja kwa wastani alikuwa amepoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Kilo moja kwa siku 10, na hao ni wazima. Je, mzee wetu aliyeugua malaria, akala uji kidogo na kulala wiki tatu kwa sababu tunamhurumia, atakuwa amepoteza kiasi gani?

Ama kwa upande wa pili, habari ni njema. Mwaka 1967 John Holloszy wa Marekani alionesha kuwa panya waliozoeshwa kukimbia walipata mitokondria zenye uwezo wa kutumia oksijeni karibu mara mbili ya wale waliokaa. Maana yake ni kwamba msuli ukitumikishwa huomba majiko zaidi, na mwili huyajenga.

Je, kwa mzee wa miaka 90 inawezekana? Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston waliwachukua wazee 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kulelea wazee. Waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa mapaja mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Tisa kati yao walimaliza, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya walivyoanza. Wawili waliacha kutumia mkongojo.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017 na wataalamu wa Mayo Clinic, pia Marekani, ulipima mitokondria zenyewe. Baada ya wiki 12 za mazoezi ya kwenda kasi kwa vipindi vifupi na kupumzika, uwezo wa mitokondria uliongezeka kwa asilimia 49 kwa vijana na kwa asilimia 69 kwa wenye miaka zaidi ya 65. Wazee walifaidika kuliko vijana.

Hapa hapa Tanzania tuna mfano wetu. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na David Raichlen ilichapisha utafiti juu ya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Waliwafunga watu vifaa vya kupima mwendo, wakakuta kuwa Wahadzabe nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Lakini hawapumziki vitini. Hukaa chini, hupiga magoti na kuchuchumaa. Vipimo vya misuli vilionesha kuwa mtu aliyechuchumaa misuli ya miguu yake inafanya kazi kuliko aliyekaa kwenye kiti. Hivyo hata mapumziko yao yana kazi ndani yake.

Ukitazama vizuri, mkeka wetu, kigoda chetu na mbuzi yetu ya nazi vilikuwa vikifanya jambo lile lile. Tulipoviondoa tukaleta sofa, tukadhani tumemheshimu bibi.

Swala na kuinuka

Swala ni ibada, na nia yake ni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu (s.w.) peke yake. Hata hivyo si vibaya kujua mwili unapata nini ndani yake. Swala 5 za faradhi zina rakaa 17, na katika kila rakaa mna sijda 2. Kila rakaa inapokwisha, mwenye kuswali huinuka kutoka chini, ama kwa rakaa inayofuata, ama baada ya kutoa salamu. Kwa hiyo anayeswali wima huinuka kutoka ardhini mara 17 kwa siku, mbali na sunna. Kuinuka kutoka chini ni miongoni mwa kazi nzito kabisa kwa mapaja ya mzee.

Mwenye udhuru ameruhusiwa kuswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Ruhusa hii ni rehema, na asilaumiwe anayeitumia. Lakini siku hizi viti vimeongezeka misikitini, na wengine huvizoea kwa maumivu ya goti yaliyokwisha kupona. Kisimamo ni nguzo kwa mwenye kukiweza. Anayeweza kusimama na kurukuu lakini akashindwa kusujudu, amuulize imamu wake namna ya kuswali, na amuulize daktari namna ya kulitibu goti hilo.

Mpime mzee wako nyumbani

Vipimo hivi viwili hutumiwa na madaktari, na havihitaji mashine. Awepo mtu wa karibu wa kumdaka.

Kwanza, mkalishe kwenye kiti imara kisicho na magurudumu, kilichoegemezwa ukutani. Akunje mikono kifuani. Ainuke mpaka asimame wima, akae tena, mara 5, huku ukitazama saa. Ikiwa amezidi sekunde 15, au ameshindwa kuinuka bila kujishika, nguvu za mapaja yake zimepungua.

Pili, pima mita 4 sakafuni au uani. Atembee mwendo wake wa kawaida. Akitumia sekunde 5 au zaidi, mwendo wake umekuwa mdogo kuliko inavyotakiwa.

Asiyefaulu asikate tamaa. Andika namba zake, mpime tena baada ya miezi miwili ya kufuata mambo yafuatayo.

Mambo ya kufanya

1. Kuinuka na kukaa. Kila siku, asubuhi na jioni, ainuke kitini na kukaa mara 5, kisha apumzike na kurudia. Mwanzoni ajishike, na siku zikienda apunguze kujishika. Hili moja tu likifanywa kila siku lina faida kubwa.

2. Kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wazee wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Ni kama nusu saa kwa siku 5. Anaweza kuzigawa: dakika 10 kwenda msikitini, 10 kurudi, 10 kuzunguka mtaani. Mara moja moja aongeze kasi mpaka ahisi pumzi, kisha apunguze.

3. Nguvu na kujizuia. Mwongozo huo unataka mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki na ya kujizuia usianguke angalau siku 3. Kunyanyua kidumu cha maji cha lita 2 au 3, kusimama kwa visigino na vidole kwa zamu huku ameshika meza, na kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta vinatosha kuanzia.

4. Mwacheni na kazi yake. Bibi anayeweza kuchambua mchele, kukuna nazi, kufagia baraza au kumwagilia mchicha, aachwe afanye kwa kasi yake. Mwondoleeni hatari na mizigo mizito, msimwondolee kazi zote.

5. Choo na maji. Mzee anayeogopa kuchuchumaa chooni hupunguza kunywa maji ili asiende mara kwa mara. Matokeo yake ni kizunguzungu, haja kubwa ngumu na maradhi ya njia ya mkojo, na tohara yake inakuwa ya mashaka. Mwekeeni nguzo au mti imara wa kushika pembeni mwa tundu, sakafu isiteleze, na taa iwepo usiku.

6. Akiugua, asilazwe zaidi ya lazima. Daktari akiruhusu, akae kitandani badala ya kulala, kisha kitini, kisha hatua chache mlangoni. Kila siku moja ya mapema ina thamani.

Sahani ya mzee

Misuli haijengwi kwa chai na uji mtupu. Kwa kuwa meno yamepungua, wazee wengi hupewa uji asubuhi, wali laini mchana, na chai na mkate jioni. Tumbo limejaa, lakini misuli ina njaa. Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Gramu 100 za samaki zina kama gramu 20, na yai moja lina kama gramu 6.

Watu wa pwani hawana sababu ya kukosa. Samaki wa chukuchuku aliyetolewa miiba, kamba waliopondwa, dagaa waliotwangwa na kutiwa ndani ya mchuzi, kunde, choroko na mbaazi zilizopikwa zikalainika, vyote vinalika bila meno. Vigawanywe katika milo yote, visirundikwe jioni tu. Katika Ramadhani, mzee aliyeruhusiwa kufunga apate protini katika futari na tena katika daku.

Mitokondria pia zinahitaji madini ya chuma, na damu inayohitaji chuma hicho hicho ndiyo inayozipelekea oksijeni. Dagaa na nyama husaidia. Mboga za majani nazo zina chuma, zikamuliwe ndimu ili kichukuliwe vizuri mwilini. Chai inyweke saa moja baada ya chakula, kwani ikinywewa pamoja nacho huzuia chuma kisiingie mwilini. Mwenye figo mbovu amuulize daktari kabla ya kuongeza protini.

Ama vidonge vinavyotangazwa kuwa "vinaamsha mitokondria", tahadharini. Kemikali iitwayo urolithini A, kwa mfano, ilijaribiwa kwa wazee, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionesha misuli ikistahimili kazi kwa muda mrefu zaidi, lakini umbali waliotembea kwa dakika 6 haukuzidi kwa kiasi cha maana ule wa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Pesa hiyo inunue samaki.

Wakati wa kumwona daktari

Si kila udhaifu ni uzee au kukaa. Upungufu wa damu, minyoo ya safura, kisukari, kifua kikuu, ugonjwa wa moyo na wa tezi ya shingo vyote huleta uchovu, na vinatibika au kudhibitiwa. Mzee anayekonda bila sababu, anayevimba miguu, au anayetweta akiwa amekaa, apelekwe akapimwe. Anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu kikali akitembea aache mazoezi na aende hospitali. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito ni dalili za kiharusi, na hapo haingojwi kesho. Kwa wakazi wa visiwani na kwenye delta, chombo kitafutwe saa hiyo hiyo.

Sera ya Taifa ya Wazee iliyotolewa mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Kwa wengi, umri huo ndio wanaoambiwa "sasa pumzika". Basi, ndugu msomaji, leo ukirudi nyumbani, mama akinyoosha mkono akitaka umwinue, mpe mkono, lakini usimvute. Mngoje. Mwache mapaja yake yafanye sehemu yake, nawe ukamilishe iliyobaki. Kesho sehemu yako itapungua kidogo, na In shaa Allah siku itafika atainuka mwenyewe, ashuke ukingoni, apande chombo na kwenda anakotaka.